Riwaya za Vijana Zimejificha Wapi? Majibu kwa Barua Zenu

Tulipotangaza kwamba safu ya toleo hili itahusu riwaya zetu za vijana, yaani zile zinazowalenga wasomaji wa miaka 13 hadi 19 hivi, barua nyingi zilikuja na lawama ileile: vijana hawasomi. Hatukubaliani nayo. Vijana haohao wanasoma hadithi za kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Kinachokosekana ni nakala ya kitabu mahali kijana alipo, kwa bei anayoimudu, pamoja na mwenzake aliyekwisha kukisoma. Barua tumezifupisha.

SWALI: Shule yetu ilipewa msaada wa hadithi za waandishi wa hapa nchini: majina 40, kila jina nakala moja. Huu mwaka wa pili, na daftari la kuazima lina wanafunzi 9 tu. Nifanye nini ili wazisome? – Mwalimu wa Kiswahili, Morogoro

JIBU: Mwalimu, penye nakala moja ya kila kitabu, anayekisoma hana wa kubishana naye. Amekimaliza Ijumaa, Jumatatu hakuna darasani anayemjua mhusika mkuu, basi maneno yanaishia hapo. Kijana hutangaziwa kitabu na kijana mwenzake. Kwa hiyo muhula huu ziache zile 40 zipumzike, chagua jina moja, utafute nakala 10 za jina hilohilo.

Tuseme klabu yako ya kusoma ina wanafunzi 40: igawe katika makundi ya wanne wanne wanaokaa bweni moja au mtaa mmoja. Kila kundi lipate nakala moja, kila mwanafunzi akae nayo siku tatu, na zamu iandikwe kwa penseli ndani ya jalada. Riwaya ya kurasa 112 ina maneno kama 30,000. Anayesoma maneno 150 kwa dakika ataimaliza kwa saa moja na dakika chache kila siku, siku tatu. Baada ya siku 12 wote 40 wamesoma kitabu kimoja, na hapo ndipo ubishi huanza wenyewe bila kusukumwa.

Nakala 10 usizinunue dukani kabla ya kumpigia simu mchapishaji. Kwa idadi hiyo, kuomba punguzo la asilimia 20 si jambo la ajabu. Duka hupewa punguzo kubwa zaidi ya hilo. Na usiwachagulie. Chukua majina matatu, soma kwa sauti ukurasa wa kwanza wa kila kimoja, wapige kura.

Kipindi cha kwanza ndicho kinachoamua. Usianze na wasifu wa mwandishi. Soma kurasa tatu za mwanzo, ukiwa umezifanyia mazoezi nyumbani, kisha ufunge kitabu pale mambo yanapokaza. Gawa nakala dakika hiyohiyo. Kipindi cha mwisho lete swali moja la ubishi, kwa mfano: nani alikosea, binti au mama yake? Dhamira, ujumbe na tamathali za semi ziache kwa ajili ya darasa. Mwanafunzi akiyasikia maswali hayo klabuni atakwenda kutafuta mwongozo, atasoma muhtasari wa kurasa nne, na kitabu kitabaki kipya kama kilivyotoka kwenye boksi.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni kufuli. Vitabu viko kabatini, ufunguo uko kwa makamu mkuu wa shule, na makamu yuko kwenye semina. Sababu yake inaeleweka, kwani mwalimu huogopa kudaiwa kitabu kilichopotea. Basi kubalianeni mapema kwamba katika nakala 10, moja kupotea au kuchakaa kwa mwaka ni hasara ya kawaida, na iandikwe hivyo kwenye leja ya stoo. Majalada yavishwe nailoni ngumu ile inayouzwa kwa mita, ikunjwe ndani kiasi cha vidole vitatu na kubandikwa nailoni kwa nailoni. Ukibandika kwenye karatasi, siku ya kubadilisha utang'oa na ukurasa wa kwanza.

SWALI: Vijana wakiingia maktaba wanakimbilia riwaya za Marekani zilizotengenezewa filamu. Vitabu vyetu viko rafu za chini, upande wa watoto. Je, kuna nchi iliyowahi kulikabili jambo hili? – Mkutubi, Kisumu

JIBU: Ipo. Mwaka 2015 wakutubi wa Australia walitoa orodha ya vitabu vya vijana vilivyoazimwa zaidi katika maktaba zao, na ikaonekana wazi kuwa vingi vilikuwa vya Wamarekani. Waandishi, wachapishaji, wauza vitabu na wasomaji wakaanzisha kampeni waliyoiita #LoveOzYA, yaani penda vitabu vya vijana vya Australia. Wale wana soko kubwa na fedha kuliko sisi, kwa hiyo si kila kitu chao kinaigika, lakini chombo kimoja ni rahisi mno: bango la jozi, linalomwambia msomaji kwamba ukipenda kile cha kigeni, jaribu hiki cha nyumbani.

Tengeneza bango la karatasi ya A3 lenye jozi sita, si zaidi. Kushoto picha ya jalada la kigeni, kulia la kwetu, chini sentensi moja ya maneno yasiyozidi 15. Anayependa wanyonya damu na majumba yenye mizimu mwelekeze kwenye riwaya ya majini na magofu ya pwani. Anayependa michezo ya kufa na kupona mpe hadithi ya watoto wanaojilea wenyewe mjini. Mapenzi ya shule ya bweni yana mwenzake wa bweni letu, lenye maharage, paredi na matroni mkali. Bango libandike penye vitabu vya kigeni, palepale mkono wa kijana unapoelekea. Kila kitabu cha upande wa kulia kiwe na nakala tatu rafuni kabla bango halijapanda. Kijana aliyeshawishika akaambiwa “kimeazimwa” hatarudi kuuliza mara ya pili. Baada ya wiki sita badilisha jozi zote.

Sasa rafu. Mtoto wa miaka 15 hakubali kuonekana akiingia upande wa watoto, hata kama ndani kuna dhahabu. Tafuta mita moja ya rafu mahali pengine, usawa wa macho. Vitabu vya A5 vikigeuzwa majalada yatazame nje, mita hiyo inabeba sita. Vingine vipange chini yake kwa migongo. Kila mgongo uwe na stika ya duara ya rangi moja ili anayerudisha vitabu asikosee. Kibao usikiandike “Fasihi ya Vijana”, maana neno fasihi linanuka mtihani. Andika kitu kama “Vya Kumaliza Wikendi Moja”, na uwe mkweli: weka humo vitabu vya kurasa chini ya 150 tu.

SWALI: Nina muswada wa riwaya ya vijana, maneno 72,000. Nimeupeleka kwa wachapishaji watatu. Mmoja amekataa, wawili kimya mwaka mzima. Kosa liko wapi? Na je, nitumie lugha ya mtaani? – Mwandishi, Tanga

JIBU: Hatujausoma, lakini urefu peke yake unatosha kumtisha mchapishaji. Ukurasa wa A5 wenye herufi za pointi 11 unabeba takriban maneno 280 ya Kiswahili. Maneno 72,000 ni kurasa 257, na ukiongeza za mwanzo unafika karibu 264. Vitabu hukunjwa kwa vipande vya kurasa 16, kwa hiyo mchapaji atakupandisha hadi 272. Riwaya ya maneno 30,000 inaishia kurasa 112, vipande saba kamili. Karatasi na muda wa mashine ni zaidi ya mara mbili, na bei ya dukani itafuata njia hiyohiyo, wakati mnunuzi ni yuleyule mzazi aliyekuja kununua madaftari. Lenga maneno 25,000 hadi 40,000. Kama hadithi haikatiki, angalia kama una vitabu viwili ndani ya kimoja. Miswada mirefu ya vijana mara nyingi imebeba maisha ya wazazi wote wawili kabla mtoto hajazaliwa.

Kumweka mhusika wa miaka 17 hakutoshi kuifanya riwaya iwe ya vijana. Angalia nani anafungua fundo. Katika miswada mingi kijana anahangaika sura tisa, halafu sura ya kumi anatokea mjomba, mwalimu au mkuu wa wilaya na kumaliza kila kitu, kisha anatoa hotuba. Msomaji wa miaka 16 anajua amedanganywa. Kijana mwenyewe ndiye achague, akosee, alipie. Watu wazima wawepo, tena wenye akili zao, lakini wasimnyang'anye hadithi. Na ile aya ya mwisho ya “vijana wenzangu, tujihadhari” ifute. Kama sura zilizotangulia zimefanya kazi, haihitajiki, na kama hazijafanya, haitaziokoa.

Lugha ya mtaani ni ruksa kwenye mazungumzo, kwa kipimo. Msimulizi atumie Kiswahili sanifu chenye pumzi ya ujana, na maneno ya mtaani yawe yale ambayo msomaji wa mkoa mwingine ataelewa kutokana na sentensi yenyewe. Sababu ni mbili. Misimu huzeeka haraka: neno linalotamba mwaka unapoandika linaweza kuwa la kuchekwa kitabu kitakapotoka, na uchapishaji huchukua mwaka au miwili. Pia mchapishaji anatazama shule. Tanzania, kitabu cha kutumika shuleni hupitia ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) linahusika upande wa lugha. Kenya kazi hiyo iko kwenye taasisi ya kukuza mitaala, KICD. Muswada uliojaa Sheng kuanzia ukurasa wa kwanza unajifungia mlango huo wenyewe. Ukitaka kuandika hivyo, andika, ila ujue kwamba soko lako litakuwa mtandaoni na kwenye maduka machache ya mjini.

Kuhusu kimya: usipeleke muswada mzima bila kuombwa. Peleka barua ya ukurasa mmoja inayotaja umri wa wasomaji, idadi ya maneno na sentensi mbili za kisa. Muhtasari wa kurasa mbili unaosema hadithi inavyoisha, kwani mhariri si msomaji wa kuwekwa roho juu. Na sura tatu za mwanzo. Baada ya miezi mitatu uliza kwa simu. Baada ya sita, kama hakuna neno, waandikie kwamba unaupeleka kwingine, uupeleke kweli.

Siku ya mkataba soma mara mbili mstari wa mrabaha, yaani malipo yako kwa kila nakala inayouzwa. Asilimia 10 ya nini? Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 12,000. Asilimia 10 ya bei ya jalada ni 1,200. Asilimia 10 ya fedha anazopokea mchapishaji baada ya kumpa muuza vitabu punguzo la asilimia 40 ni 720. Zote mbili ni za halali, mradi ujue umesaini ipi. Uliza pia haki za kitabu cha kusikiliza, tafsiri na filamu ziko kwa nani, na kitabu kikiisha sokoni bila kuchapishwa tena haki zinakurudia baada ya muda gani. Mkataba usiojibu hilo la mwisho umewafungia vitabu waandishi wengi wa nchi hii ambao wangependa kuvitoa upya.

SWALI: Nimenunua riwaya ya vijana ya mwandishi wa hapahapa, nikakuta binti wa kidato cha pili ana mpenzi. Kwa nini mnawapa watoto wetu mambo haya? – Mzazi, Dodoma

JIBU: Mama, au Baba, kisome chote kabla ya kukirudisha, ni saa tatu tu. Angalia mambo yanavyomwendea huyo binti, na kama kitendo kinaelezwa kwa kina au kinatajwa tu. Riwaya ya vijana inayokwepa mapenzi, mimba na dawa za kulevya inamwachia mtoto apate habari hizo kwa watu ambao wewe huwajui. Lakini una haki ya kujua unachonunua. Wachapishaji wetu wangekusaidia kwa kuandika umri kwenye jalada la nyuma, “miaka 12 na kuendelea” au “15 na kuendelea”. Wino wake haugharimu kitu.

SWALI: Nilichapisha riwaya yangu mwenyewe, nakala 1,000, kwa sababu mchapaji aliniambia bei ya kila nakala itashuka. Nimeuza kama 150, nyingi kwa ndugu na jamaa. Zilizobaki ziko uvunguni. Nitazitoaje? – Mwanza

JIBU: Mchapaji hakukudanganya. Kwenye mashine ya ofseti gharama kubwa ni pleti, yaani bamba zinazobeba maandishi, na kuandaa mashine, iwe unachapa 200 au 2,000, kwa hiyo nakala nyingi hushusha bei ya moja. Ila aliyekuambia nakala moja itakuwa nafuu hakukuambia jumla utaikomboa lini. Wanaosoma haya kabla ya kuchapa: anzeni na nakala 100 hadi 200 za mashine ya kidijitali. Kila moja itagharimu zaidi, lakini makosa ya chapa ya ukurasa wa 37 mtayarekebisha toleo la pili badala ya kuyakuta mara 1,000.

Sasa zile 850. Chukua moja uikague kama muuza vitabu. Je, mgongo una jina? Karatasi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, hivyo kurasa 112, ambazo ni karatasi 56, zinatoa mgongo wa milimita 5 hadi 6, unaotosha jina la kitabu na la mwandishi. Kitabu cha pini, au cha kurasa chini ya 80, hakina mgongo wa kusomeka. Dukani kitafunikwa na vingine, kwa hiyo omba kiwekwe kaunta. Je, kina ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, na milia yake ya kusomwa na mashine? Tanzania namba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa. Kama ulichapa bila namba, duka kubwa lenye mashine ya kaunta halitakipokea. Stika nyeupe yenye milia inaweza kubandikwa jalada la nyuma, chini kulia, mradi ipate namba halisi.

Maelezo ya jalada la nyuma yana kazi kubwa kuliko picha ya mbele. Yawe maneno 80 hadi 120: nani, anataka nini, nini kinamzuia, na swali linalobaki hewani. Wengi huweka hapo wasifu wao na shahada zao. Kijana hanunui shahada. Kama yako yako hivyo, chapisha kadi ya kuwekea alama ukurasa yenye maelezo mapya, uichomeke kila nakala ikichungulia juu. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kuchapa jalada upya.

Maduka yatachukua kwa mali kauli, yaani wanalipa baada ya kuuza, na punguzo lao ni asilimia 30 hadi 40 ya bei. Acha nakala tano tu kila duka, na hati yenye saini mbili inayotaja idadi, bei, punguzo na tarehe ya kurudi. Rudi baada ya siku 30 bila kukosa. Muuza vitabu hakupigii simu kukuambia zimekwisha. Zikiisha, mahali pake panajazwa na kingine. Waandishi wengi hupoteza fedha hapa: wanasambaza nakala 20 katika maduka 15, hawana orodha, mwaka unapita, mfanyakazi aliyesaini ameondoka.

Duka, hata hivyo, halitamaliza 850. Shule ndizo zitakazokutoa. Chagua sekondari 10 za mjini kwako na wilaya za jirani, uzungumze na mwalimu wa Kiswahili na wa klabu kabla ya kumwona mkuu wa shule. Toa nakala mbili bure, moja ya mwalimu, moja ya mwanafunzi msomaji mkubwa, na uombe nafasi ya dakika 40 baada ya wiki tatu. Siku hiyo soma kurasa tatu, jibu maswali, uza kwa bei ya shule. Tangazo lipelekwe siku tano kabla kwenye karatasi ndogo yenye bei, ili mtoto aombe fedha nyumbani. Ukienda bila taarifa utapigiwa makofi na kurudi na mzigo wako. Vitabu kwa shule 10 vikiwa 30 kila moja ni 300, na safari hii vimekwenda kwa fungu, jambo ambalo linaleta maombi mengine bila wewe kurudi. Usipange safari hizi mwezi wa mitihani ya taifa. Wiki ya Aprili 23, Siku ya Vitabu Duniani, na Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, shule huwa zinatafuta mgeni wa kualika. Angalieni tu kama hazijafunga.

Angalia pia gundi. Fungua kitabu katikati, ukilaze meza. Kama kurasa zinajikunja mawimbi au zinaachia, nyuzi za karatasi zilipangwa kukatisha mgongo badala ya kwenda nao sambamba. Hakuna dawa baada ya kufungwa. Zile mbaya ziweke pembeni, usizipeleke shuleni, maana zitachanika wiki ya kwanza na jina litakuwa lako, si la mchapaji.

SWALI: Tuzo zinasaidia kweli riwaya za vijana, au ni picha za magazetini? Na mwandishi mchanga apeleke wapi? – Unguja

JIBU: Zinasaidia pale zinapoambatana na nakala. Tuzo ya Burt, iliyoanza Tanzania mwaka 2008 kwa ushirikiano wa shirika la CODE la Kanada na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ilikuwa kwa riwaya za vijana za Kiingereza, jambo ambalo wengine tulilinung'unikia, lakini ilikuwa na akili moja kubwa: mbali na fedha za mwandishi, vitabu vilivyoshinda vilinunuliwa na kugawiwa shuleni na maktabani. Mchapishaji alichapa akijua nakala zinakwenda kwa nani.

Kwa sasa angalia tatu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023. Inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na mshindi wa kwanza alipata shilingi milioni 10. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell; ni ya Kiswahili kutoka popote, lakini haina fungu la vijana, kwa hiyo riwaya yako itapambana na za watu wazima. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, chini ya Chama cha Wachapishaji cha Kenya, ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa, na ina fungu la vijana la Kiswahili. Masharti hubadilika kila awamu. Soma ya mwaka husika, hasa idadi ya maneno, jina la mwandishi kutokuonekana ndani ya muswada, na kama kipande kilichotoka mtandaoni kinahesabiwa kuwa kimechapishwa. Miswada mizuri huondolewa kwa kosa la jina kuachwa kwenye kila ukurasa.

Ukishinda, mwulize mchapishaji tarehe ya vitabu kufika madukani kabla hujakubali mahojiano ya redio. Habari ya tuzo huishi kama wiki mbili. Kitabu kikitoka miezi minane baadaye utaanza upya, ukiwa na stika ya dhahabu tu.

Lakini hakuna tuzo iliyowahi kufanya kinachofanywa na mtaala. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, inakumbukwa na kizazi kizima cha Wakenya kwa sababu, pamoja na uzuri wake, ilikuwa kitabu teule: darasa zima lilikuwa nacho mkononi kwa wakati mmoja. Ubaya ni kwamba riwaya teule ikishikilia nafasi miaka mingi, zilizoandikwa baadaye hukua kivulini.

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha tatu. Hadithi za Telegramu ni tamu kuliko vitabu vya shule. Pia nina PDF za riwaya nyingi, nawatumia wenzangu. Nataka kuanzisha ukurasa wa TikTok wa kutangaza riwaya za hapa kwetu. Nianzie wapi? – Singida

JIBU: Marahaba, mwanetu. Hadithi za Telegramu ni tamu kwa sababu mwandishi wake anajua ukichoka kwenye sehemu ya pili humlipi ya tatu. Waandishi wa vitabu wangejifunza kwake kukata sura mahali panapouma. Nao wa Telegramu wangejifunza kumaliza. Hadithi ya sehemu 90 ambayo mwisho wake hata mwandishi haujui ni wizi wa vocha.

PDF acha kusambaza. Katika kitabu cha shilingi 10,000, mwandishi anapata kama 1,000 au chini ya hapo. Darasa la watu 45 likigawana faili moja, mchapishaji anaona kwamba riwaya ya vijana haiuziki, na mwandishi huyo huyo unayempenda hapewi nafasi ya kitabu cha pili. Kuazimana nakala ya karatasi hakuna kosa, azimaneni hadi jalada ling'oke.

Ukurasa wako uanze na kitabu kimoja ulichokimaliza. Video ya sekunde 30 hadi 45, simu ikiwa wima, wewe ukiwa umetazama dirisha ili mwanga ukupige usoni. Ukiligeuzia dirisha mgongo utakuwa kivuli. Sekunde tatu za kwanza usisalimie wala kujitambulisha. Sema jambo lililomkuta mhusika: “Amerudi nyumbani likizo, akakuta chumba chake kimepangishwa.” Kisha onyesha jalada sekunde nne kamili bila kutikisa, soma sentensi moja au mbili za kitabu, usizidi hapo, na usiseme mwisho. Malizia kwa vitu vitatu ambavyo wengi husahau: jina la kitabu na mwandishi, bei, na mahali kinapopatikana. Hivyo viandike pia kwenye skrini, maana wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Kitabu kimoja kifanyie video tatu kabla ya kuhamia kingine: moja ya kisa, moja ya mhusika unayemchukia, moja ya wewe na mwenzako mkibishana. Kabla ya kuzirusha, piga simu duka ulilolitaja uulize kama nakala zipo. Kama hazipo, mwombe muuza vitabu aagize tano, umwambie video inatoka siku gani, na kama simu ni ya mzazi, omba ruhusa kwanza. Ada ya mtandao ni yake.